Mlango wa mota: Mtihani unaomsubiri fundi anayetaka hataza

KATIKA gereji zilizo kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, si ajabu kukuta Toyota Noah, Voxy au Nissan Serena imeegeshwa mlango wake wa kando ukiwa umekwama katikati. Mwenye gari, mara nyingi mfanyabiashara anayebeba trei za mayai asubuhi na abiria jioni, hueleza kwamba mlango uliokuwa ukijifungua kwa kubonyeza kitufe sasa unanguruma tu bila kwenda popote.

Fundi hubandua plastiki ya ndani na kutoa ngoma ndogo iliyozungushiwa waya za chuma. Waya moja imechanika nyuzi na kujikunja. Kifaa kizima ni ghali, kwa hivyo hutafuta waya ya unene uo huo, akaikaza, akairudisha, na gari likaondoka.

Kazi hiyo ikirudiwa mara nyingi, fundi huanza kuwaza. Ikiwa mota hii ndogo inaweza kusukuma mlango wa Noah, mbona isisukume mlango wa matatu ya abiria 14 ili utingo aache kuning'inia nje? Na ikiwa mota ya waipa iliyong'olewa kwenye gari kuukuu ina nguvu za kutosha, mbona kifaa hicho kisiundwe Kamukunji na kuuzwa kwa bei ya jua kali?

Hilo ni wazo la pesa. Lakini mtu akishalitengeneza na likaonekana barabarani, jirani yake wa karakana atalinakili kabla ya mwezi kuisha. Ndipo huja swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamechelewa: je, linaweza kulindwa kwa hataza, ile hati ambayo watu wengi huiita patenti?

Anayejibu swali hilo ni mchunguzi wa hataza, na jibu lake hutegemea karatasi zaidi kuliko chuma.

Maswali matatu

Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, ambayo ofisi zake ziko South C, Nairobi. Kabla ya 1990 Mkenya aliyetaka hataza alilazimika kwanza kuipata Uingereza, kisha aje kuisajili nyumbani. Sheria ya 1989 ilivunja mtindo huo na kuanzisha ofisi ya humu nchini, na Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 ikaigeuza ofisi hiyo kuwa taasisi tunayoijua sasa.

Sheria inamtaka mchunguzi ajiulize mambo matatu. Je, kitu hiki ni kipya? Je, kina hatua ya ubunifu, yaani kingemshinda fundi wa kawaida wa kazi hiyo kukifikiria? Na je, kinaweza kutengenezwa au kutumiwa katika shughuli za kiuchumi? Hili la tatu huwa jepesi. Sheria inataja kilimo na uvuvi waziwazi kuwa miongoni mwa shughuli hizo, na mlango wa gari hauna shida hapo.

Ni yale mawili ya kwanza yanayoangusha watu.

Upya unaotakiwa ni wa dunia nzima. Mchunguzi hatajiuliza kama kuna mtu Kenya anayeuza kifaa kama hicho. Atajiuliza kama kuna mahali popote, katika lugha yoyote, ambapo kilichapishwa, kiliuzwa au kilitumiwa hadharani kabla ya siku ombi lilipoingia ofisini. Hati ya Kijapani ya 1987 ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuisoma inatosha kuliangusha ombi la 2025.

Na katika milango ya gari, Wajapani walianza mapema. Teksi za Japani zenye mlango ambao dereva humfungulia abiria bila kushuka zilienea tangu wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, nyingi zikitumia wenzo tu anaovuta dereva kutoka kitini. Teksi mpya ya Toyota iliyotolewa huko Oktoba 2017 ina mlango wa kuteleza unaoendeshwa kwa umeme. Kati ya tarehe hizo mbili kuna rundo la maombi ya hataza kutoka Japani, Ujerumani, Marekani, Korea na China ambalo hakuna fundi anayeweza kulibeba kwa mkokoteni.

Jinsi mchunguzi anavyotafuta

Rundo hilo lingekuwa balaa kama lisingepangwa. Chini ya mkataba wa Strasbourg wa 1971, hataza zote hupewa namba za mafungu, kama vile duka la spea linavyopanga bolti kwa ukubwa. Fungu la vifaa vya kuendesha milango kwa nguvu za mashine ni E05F 15.

Ndani yake kuna vyumba. E05F 15/40 ni usalama, yaani namna ya kugundua kwamba kuna kitu kimezuia mlango. E05F 15/60 ni mota za umeme. E05F 15/643 ni milango ya kuteleza inayovutwa kwa waya, mnyororo au mkanda. E05F 15/655 ni ile iliyokusudiwa magari hasa. Vitasa vya magari viko kwingine, E05B, na mlango wenyewe kama sehemu ya bodi uko B60J 5.

Mchunguzi hachungulii chumba kimoja tu. Akiona kwamba tatizo ni lilelile, anaweza kwenda hata kwenye milango ya lifti au mageti ya nyumba. Wafugaji watapenda kujua kwamba mlango wa banda la kuku unaojifungua wenyewe alfajiri una fungu lake pia, A01K 31/02, na mfugaji aliyebuni mlango kama huo atakutana na mtihani uleule anaokutana nao fundi wa matatu.

Namba hizi si siri ya wachunguzi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, au Patentscope ya shirika la kimataifa la WIPO, akaandika namba hiyo na kusoma bila malipo. Michoro pekee humfunza fundi mengi hata asipoelewa Kijerumani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mafundi wengi hujua bei ya mota ya mtumba kutoka Dubai mpaka shilingi ya mwisho, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba michoro ya mota hiyo iko wazi kwa yeyote.

Dai ndilo shamba

Watu wengi hudhani hataza hulinda kifaa. Kinacholindwa ni dai, yaani sentensi zilizo mwishoni mwa ombi zinazoeleza mipaka ya uvumbuzi. Dai ni kama mawe ya mpaka wa shamba: ukiyaweka mbali mno utaingia katika shamba la mwingine na kufukuzwa, ukiyaweka karibu mno jirani atalima hadi mlangoni pako na hutakuwa na la kumwambia.

Tuseme fundi wetu wa matatu anaandika dai lake hivi: mlango wa kuteleza wa gari la abiria, wenye mota ya umeme, ngoma inayozungushwa na mota hiyo, waya inayovuta mlango kwenda mbele na nyuma, na kitufe kilicho karibu na dereva.

Mchunguzi atalichana dai hilo vipande. Mota, ipo. Ngoma na waya, zipo, hata katika Noah iliyo nje ya dirisha la ofisi yake. Kitufe cha dereva, kipo. Vipande vyote vikipatikana pamoja katika hati moja ya zamani, ombi limeanguka kwenye swali la kwanza, na hakuna haja ya kwenda la pili.

Fundi atajibu kwamba mlango wake ni wa matatu na mota yake ni ya waipa, jambo ambalo hati hiyo haikutaja. Sawa. Sasa kuna upya, lakini mchunguzi atageukia hatua ya ubunifu. Atachukua hati ya kwanza inayoonyesha mlango wa waya, aiweke kando ya hati ya pili inayoonyesha mota ya waipa ikifanya kazi nyingine ya kusukuma, kisha aulize: fundi wa kawaida aliyehitaji mota ya bei nafuu ya volti 12 asingefikiria kuchukua ile ya waipa? Kwa kweli angefikiria. Gereji nzima ingefikiria.

Kukataliwa huku kwa mara ya kwanza si hukumu ya mwisho. Mchunguzi huandika barua yenye sababu, na mwombaji hupewa muda wa kujibu kwa hoja au kwa kupunguza upana wa dai. Wengi hukata tamaa hapo na kuiacha faili ilale, ilhali mawakala wazoefu huichukulia barua hiyo kama salamu ya kuanzia bei sokoni.

Kisa cha pedali

Jinsi swali la ubunifu linavyoweza kumtoa mtu jasho lilionekana Marekani katika kesi ya KSR na Teleflex, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Aprili 30, 2007. Haikuhusu mlango bali pedali ya mafuta, lakini fundi yeyote ataielewa.

Kulikuwa na pedali zinazoweza kusogezwa mbele au nyuma ili zimfae dereva mfupi na mrefu. Kulikuwa pia na sensa za umeme zinazoiambia injini pedali imekanyagwa kiasi gani. Mvumbuzi mmoja aliviunganisha viwili hivyo, akaiweka sensa kwenye mhimili wa pedali usiosogea, na akaomba hataza.

Mchunguzi alilikataa dai lake la kwanza lililokuwa pana, akionyesha hati mbili za zamani ambazo zikiunganishwa zinatoa kitu kilekile. Mwombaji akaongeza neno kuhusu ule mhimili usiosogea. Mchunguzi akaridhika na hataza ikatolewa 2001.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na hati nyingine, ya mvumbuzi aitwaye Asano, iliyokuwa ikionyesha pedali ya kusogezwa yenye mhimili usiosogea. Hati hiyo haikuwa mezani kwa mchunguzi. Teleflex ilipoishtaki KSR kwa kutengeneza pedali kama hizo za malori ya General Motors, KSR iliitoa hati ya Asano, na majaji wote wakakubaliana: mtu mwenye ujuzi wa kawaida aliyekuwa na pedali ya Asano na aliyetakiwa kuweka sensa, angeiweka papo hapo. Dai likabatilishwa.

Uamuzi huo hauzifungi ofisi za Afrika, na Ulaya ina njia yake ya kupima, ambapo mchunguzi huanza kwa kutafuta hati iliyo karibu zaidi, kisha tatizo, ndipo apime suluhisho. Hata hivyo kisa hicho kinaonyesha kitu ambacho mfanyabiashara anayetaka kuweka pesa zake katika uvumbuzi wa mtu anapaswa kukijua. Cheti kilichotundikwa ukutani ni imara kadiri ya utafutaji uliofanywa kabla ya kutolewa. Siku mshindani mwenye mfuko mzito atakapotafuta vizuri zaidi kuliko mchunguzi, kinaweza kuanguka.

Vumbi la Kajiado

Je, basi hakuna kilichobaki cha kuvumbua katika mlango wa mota? Kipo, na huenda kiko kwetu kuliko Nagoya.

Mlango wa Noah hulinda vidole vya mtoto kwa njia rahisi. Sensa huhesabu mizunguko ya mota. Mlango ukipungua mwendo ghafla kabla ya kufika mwisho, au mota ikianza kula umeme mwingi kuliko kawaida, kompyuta ndogo huamua kwamba kuna mkono, na mota hugeuka. Baadhi ya magari huongeza utepe wa mpira kwenye ukingo wa mlango, ambao ukibanwa hutoa ishara.

Sasa lichukue gari hilo miezi sita katika barabara ya vumbi la Kajiado, likibeba nyanya na makreti. Mchanga huingia kwenye reli, magurudumu madogo hukwaruza, mlango huwa mzito. Kompyuta hudhani kila siku kuna mkono, na mlango hujifungua tena kila ukikaribia kufunga. Mwenye gari akichoka, humwambia fundi akate waya za sensa. Hapo mlango utafunga, na utafunga pia juu ya vidole.

Fundi atakayepata njia rahisi ya kutofautisha mchanga na mkono, isiyotegemea kompyuta ya bei ghali, atakuwa na kitu ambacho mchunguzi atakisikiliza. Hata hapo asitarajie uwanja mtupu. Watengenezaji wakubwa wana hataza za mifumo inayojifunza uzito wa mlango kadiri unavyochakaa, na lazima zisomwe kwanza. Lakini dai linaloeleza tatizo la kweli na jibu ambalo hati za zamani hazikulifikia lina mwendo mbele ya mchunguzi. Lile la kuhamisha mota kutoka gari hili hadi lile halina.

Kwa uvumbuzi ulio mdogo zaidi, sheria ya Kenya ina mlango mwingine wa kuingilia: cheti cha modeli ya matumizi. Hiki hakidai hatua ya ubunifu, kinadai upya na matumizi, na hudumu kwa miaka 10 badala ya 20 ya hataza. Kwa kifaa cha jua kali ambacho soko lake litakuwa limebadilika baada ya miaka saba au minane, miaka 10 si haba. Inashangaza kwamba mafundi wengi huota hataza kamili, wakaanguka, ilhali cheti hiki kingewatosha.

Usiionyeshe kwanza

Kosa linalouma kuliko yote hutokea kabla mchunguzi hajafungua faili. Fundi hukamilisha kifaa, hukipeleka kwenye maonyesho ya kilimo, hupigwa picha, gazeti huandika, na baada ya hapo ndipo hukumbuka hataza.

Kenya humpa mvumbuzi nafasi. Alichokionyesha mwenyewe katika miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi hakihesabiwi dhidi yake. Marekani nayo ina mwaka mmoja. Lakini Ulaya haina huruma hiyo isipokuwa katika hali chache sana, na picha ya gazeti ikishachapishwa, nafasi ya huko kwa kawaida imekwenda. Anayewaza soko la nje ni heri awasilishe ombi Jumatatu na aende maonyeshoni Jumanne.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wauza spea watafurahi kuujua. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Kampuni ya Japani iliyopata hataza Tokyo na haikuomba Nairobi, wala haikupitia shirika la kanda la ARIPO lililoko Harare na kuitaja Kenya, haina hataza Kenya. Hakuna anayezuiwa kuunda hapa kitu kilekile kwa soko la hapa. Asichoweza ni kudai kwamba yeye ndiye mvumbuzi, wala kubandika nembo ya kampuni hiyo, maana nembo ina sheria yake.

Vilevile, hataza hufa. Ombi lililowasilishwa mwaka 2000 lilifikisha miaka 20 mwaka 2020, na kila kilichomo sasa ni cha umma. Sehemu kubwa ya ufundi wa waya, ngoma na klachi ya sumaku inayotumika katika milango ya Noah za zamani iko katika hati za aina hiyo. Karakana inayotaka kuunda mlango wa mota wa matatu bila kugombana na mtu inaweza kuanzia hapo na isihitaji hataza hata moja ya kwake.

Anayeamua kuomba aandae maelezo ya uvumbuzi, madai, muhtasari na michoro. Ombi huchapishwa baada ya miezi 18 ili umma ulione. Uchunguzi wenyewe haujianzishi: mwombaji lazima auombe na kuulipia ndani ya miaka mitatu tangu siku ya kuwasilisha, la sivyo ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Baadaye huja ada za kila mwaka za kuitunza hataza, nazo zisipolipwa haki hupotea hata kama mtihani ulipitwa kwa heshima.

Mwishowe kuna mwenye pesa. Mara nyingi fundi hana uwezo wa kulipa wakala, na mfanyabiashara fulani, labda yule wa trei za mayai, hujitolea kugharamia kwa ahadi ya kugawana faida. Kutoa pesa hakumfanyi mtu kuwa mvumbuzi, na jina lake haliwezi kuingizwa kwenye ombi kwa sababu hiyo tu. Njia yake ni mkataba ulioandikwa, unaosema ni sehemu gani ya haki inahamishiwa kwake na nani atalipa ada za kila mwaka, na utiwe saini na wote wawili kabla ya faili kupelekwa South C.